Shahidi, Mtumishi na Mwongo: Juu ya Mabamba ya Motokaa za Kale

Katika biashara ya motokaa za kale maneno mawili yamepewa mamlaka makubwa kuliko yanavyostahili. La kwanza ni orijino. La pili ni feki. Katika gereji za Misungwi, kama katika gereji zote zilizo kando ya barabara kuu itokayo Mwanza, ikapita Usagara na kushuka Shinyanga, Land Rover kuukuu haikai saa moja bila ya kuhukumiwa kwa moja la maneno hayo. Muuzaji hugonga madigadi akasema orijino. Mnunuzi huinama akachungulia chini yake, akasema feki. Fundi wa bodi husimama kati yao akifuta mikono, naye anajua jambo ambalo hapana hata mmoja wa wale wawili aliyemwuliza: kwamba madigadi hiyo inayogombewa aliikunja yeye mwenyewe kwa nyundo ya mbao, juu ya gogo, kwa kazi ya siku nne. Hiyo si orijino. Lakini je, ni feki?

Swali hilo ni dogo kwa umbo, lakini ndani yake mna fedha, heshima na ukweli. Mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover mamia kwa mamia zilikusanyika Arusha kwa sherehe yao, na aliyeziona alifahamu kwamba kitu kilichokuwa kikihesabiwa kuwa chuma chakavu kimeanza kuhesabiwa kuwa urithi. Tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa; na Wilaya ya Misungwi, iliyokuwa ikingoja kivuko ili kuvuka Ghuba ya Mwanza, ikawa mlango ulio wazi wa kwenda Sengerema na Geita. Bidhaa njema hupita mlangoni humo, na mbaya pia hupita. Mwalimu mstaafu atoaye kiinua mgongo chake kwa Land Rover ya mwaka 1965 ana haki ya kujua ni kiasi gani cha mwaka huo kilichobaki katika gari lile. Makundi mawili ya watu yanamnyima haki hiyo.

Kundi la kwanza ni la madalali wasemao kwamba bati ni bati. Kwao, bamba likishika boliti zake na kupokea rangi, habari yake imekwisha. Kuuliza lilizaliwa wapi ni ubishi wa watu wasio na kazi. Kundi la pili ni la waabudu wa kiwanda. Kwao, bamba lisilotoka Solihull au Sochaux ni najisi, na fundi aliyelitengeneza Misungwi hana tofauti na mwizi. Makundi haya hutukanana kila siku, walakini ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa yote mawili hukataa kulisoma bamba. La kwanza halisomi kwa kuwa linaogopa litakaloliona. La pili halisomi kwa kuwa limekwisha kutoa hukumu kabla ya kesi.

Kabla ya kusoma, ijulikane asili ina kazi gani. Bamba la asili halipendwi kwa sababu ni zuri kuliko jingine. Aghalabu limebonyea, limekwaruzwa na limepauka. Hupendwa kwa sababu ni shahidi. Mwaka 1966, na tena mwaka 1967, Bert Shankland na Chris Rothwell, waliotoka Tanzania, walishinda mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki katika Peugeot 404. Bamba lililokuwa katika gari lile siku zile lina neno la kusema ambalo bamba jipya, hata likiwa laini kama kioo, haliwezi kulisema: lilikuwapo. Tope la njiani lililipiga na mawe yalilichubua. Thamani ya shahidi ni kuwapo kwake, si umaridadi wa kanzu yake. Nakala kwa upande wake ni mtumishi. Haikuwapo, wala haidai kuwa ilikuwapo. Imekuja kufanya kazi ya aliyekufa ili gari liendelee kutembea. Mtumishi hana aibu. Aibu huanza pale mtumishi anapopelekwa mahakamani na kuapishwa kuwa shahidi. Hapo ndipo nakala inapogeuka kuwa ghushi, na aliyeigeuza mara nyingi si fundi aliyeikunja bali ni mtu aliyeinena.

Basi bamba husomwaje? Lianze somo la Land Rover, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka zaidi katika njia mbovu za nchi hii. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, wakati Uingereza ilipokuwa ikigawa chuma kwa kipimo baada ya vita, ilhali aluminiamu ya viwanda vya ndege ilikuwa tele. Kwa hiyo madigadi za mbele, ubavu wa nyuma na paa vilitengenezwa kwa aloi iitwayo Birmabright, yaani aluminiamu iliyotiwa magnesiamu. Chesisi ilikuwa ya chuma, na vivyo hivyo ukuta wa mbele unaotenga injini na abiria. Dhiki ya wakati ule iliacha alama ambayo mtoto wa shule aweza kuipima kwa sumaku: sumaku ikinasa katika madigadi ya Land Rover ya zamani, madigadi hiyo haikutoka kiwandani.

Lakini wengi huishia hapo, nao hapo ndipo wanapodanganyika. Sumaku isiponasa haithibitishi asili. Huthibitisha tu kwamba bamba si la chuma, na fundi wa Misungwi naye aweza kununua bamba la aluminiamu. Kwa upande wa pili, Peugeot 404, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1960, ina bodi ya chuma. Humo sumaku hufanya kazi nyingine kabisa. Ikinasa kwa nguvu hapa na kwa ulegevu pale, huenda pale pana tabaka nene la pati iliyofunika kutu au bonyeo. Kifaa kimoja hujibu maswali mawili tofauti katika magari mawili tofauti, na asiyejua swali analouliza hawezi kulielewa jibu analopewa.

Baada ya sumaku huja jicho. Bamba lililotoka katika kalibu ya kiwanda lina mikunjo mikali, yenye upana ule ule toka mwanzo hadi mwisho. Bamba la nyundo, hata la fundi hodari, likitazamwa kwa ubavu wakati jua la asubuhi likiwa chini, huonyesha mawimbi madogo kama maji ya ziwa siku isiyo na upepo mwingi. Na unene wake hautoshani, kwa kuwa nyundo hulivuta bati na kulifanya jembamba pale ilipopiga sana. Bamba la kalibu ya wanakili wa viwanda vya ng'ambo huwa katikati ya hayo mawili: halina mawimbi, lakini mikunjo yake ni milegevu, kana kwamba limenakiliwa toka katika bamba ambalo lenyewe lilikuwa limekwisha kupigwa rangi mara nyingi.

Kisha huja matundu. Kiwanda hutoboa kwa mkupuo mmoja, na tundu huwa duara safi. Tundu la kekee huacha ukingo wenye miiba. Na tundu lililopanuliwa kwa tupa likawa kama yai hutoboa siri kwamba bamba halikukubali mahali pake mpaka lililazimishwa. Kisha huja maungio. Kulehemu kwa nukta kulikofanywa na mashine za kiwanda huacha vibonyeo vya mviringo, vyenye ukubwa mmoja na nafasi sawa. Kuchomelea kwa gesi huacha mshono na alama ya moto. Kisha huja chapa. Namba iliyopigwa kwa kalibu moja ina herufi zenye kina kimoja na mstari ulionyoka. Iliyopigwa herufi moja moja kwa tindo hupanda na kushuka kama meno ya mzee.

Mwisho huja rangi, nayo ndiyo ngumu kuliko zote kuifundisha uongo. Nyuma ya taa, chini ya mpira wa mlango, ndani ya ukingo uliokunjwa, tabaka za rangi hulala moja juu ya nyingine kama matabaka ya ardhi. Ikiwa milango ina rangi tatu chini ya ile inayoonekana, na madigadi ina moja tu, madigadi ilikuja baadaye. Ikiwa bamba linalosemwa kuwa la gari la miaka ya 1950 lina praima nyeusi nyembamba iliyoenea sawasawa hata katika pembe zisizofikiwa na mkono, lina neno la kujieleza. Kwa maana kuchovya bodi katika rangi kwa nguvu ya umeme kulienea viwandani tangu miaka ya 1960.

Hapana ishara hata moja kati ya hizo itoshayo peke yake. Rangi tatu zaweza kupakwa kwa wiki moja. Chapa yaweza kuigwa na kutu yaweza kuharakishwa kwa chumvi. Hata ishara ya kweli yaweza kusomwa vibaya: bamba lililokuja baadaye si lazima liwe nakala, kwa maana laweza kuwa bamba la kiwanda lililotolewa katika gari jingine la mwaka ule ule, au kipuri kilichokaa ghalani miaka ishirini. Hilo ni la asili kwa kiwanda, lakini si la asili kwa gari lile. Wanafunzi wa fasihi hawana haja ya kuelezwa sana jambo hili, kwa sababu ndilo wanalolifanya kila wanapofungua hati ya kale ya utenzi. Hutazama karatasi, wino, mkono wa mwandishi na tahajia. Hawaamini tarehe iliyoandikwa mwishoni mpaka karatasi imeikubali. Wakiona ukurasa mmoja una wino tofauti hawaitupi hati yote, wala hawajifanyi hawakuona. Huandika pembeni: ukurasa huu ni wa mkono wa pili. Mnakili wa tenzi hakuitwa mwongo kwa kuwa alinakili. Lau si wanakili, sehemu kubwa ya tenzi ingekuwa imekwisha kuliwa na mchwa. Mwongo ni yule aliyefuta jina la mtungaji akaandika la kwake, au aliyeandika leo akatia tarehe ya babu yake.

Waabudu wa kiwanda watasema kwamba hati ni hati na gari ni gari, na kwamba kiwanda peke yake ndicho chenye haki ya kuzaa. Na waulizwe basi: Land Rover yenyewe ilizaliwaje? Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alikuwa na Jeep iliyobaki ya vita katika shamba lake huko Anglesey, Wales. Aliipenda, akataka kampuni yake itengeneze gari la namna ile, na gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep. Na Land Cruiser? Mwaka 1951 Toyota ilitengeneza gari lililoitwa Toyota Jeep BJ. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser, kwa kuwa jina la Jeep lilikuwa mali ya wengine. Haya ndiyo magari mawili ambayo watu wa Afrika ya Mashariki huyaapia kwa uasili wake, na yote mawili yalianza kwa kutazama kazi ya mwingine. Yalipataje kuwa asili? Yalivaa majina yake yenyewe. Lau Rover wangaliandika Jeep juu ya gari lao, leo wangalikumbukwa kama waghushi. Waliandika Land Rover, nao wakakumbukwa kama waanzilishi.

Hata kiwanda chenyewe hakina mpaka mnyofu kama waabudu wake wanavyodhani. Tangu mwaka 1975 iko Uingereza taasisi ya British Motor Heritage, na mwaka 1988 ilianza kutoa bodi nzima mpya za MGB, gari lililokuwa limeacha kutengenezwa mwaka 1980. Kalibu nyingi zilikuwa zile zile za zamani. Chuma kilikuwa kipya. Je, bodi hiyo ni ya asili? Kalibu inasema ndiyo, tarehe inasema siyo. Jibu la haki ni kutoikubali wala kuikataa, bali kuiita kwa jina lake: bodi ya mwaka 1988 iliyotoka katika kalibu ya kale. Inauzwa hivyo, inanunuliwa hivyo, na hapana aliyedhulumiwa.

Ikiwa ukweli huo watosha kuipa heshima kazi ya Uingereza, kwa nini usitoshe kuipa heshima kazi ya Misungwi? Nchi hii haikungoja motokaa ndipo ijue chuma. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, katika Uzinza, wahunzi wa Kirongo waliyeyusha chuma na kufua majembe, na katika karne ya 19 majembe hayo yalifika mbali kusini, hata Unyamwezi. Mtu atazamaye bati tambarare na kuona ndani yake mkunjo wa madigadi, kisha akautoa mkunjo huo kwa nyundo, gogo na mfuko wa mchanga, hana cha kuionea haya mashine yenye uzito wa tani mia. Mashine hurudia ilichoamriwa; fundi hufikiri. Kosa lake si nyundo yake. Kosa lake ni kunyamaza. Anatengeneza kitu chema, kisha anakiacha kiende sokoni bila ya jina, na kitu kisicho na jina huchukua jina lolote kitakalopewa na dalali.

Sasa na wageukiwe hao madalali. Hoja yao yenye nguvu ni hii: kwamba maskini hatafuti historia bali anatafuta gari la kufikisha gunia zake mnadani, na kwamba kuuliza asili ni anasa ya watalii. Hoja hiyo ina sura ya huruma na moyo wa jiwe. Ikiwa mnunuzi hajali asili, kwa nini dalali hulitaja neno orijino mara kumi kabla ya kutaja bei? Hulitaja kwa sababu neno hilo hupandisha bei. Hawezi kulitumia neno kama mzani wakati wa kuuza, kisha akaliita ubishi wakati wa kuulizwa. Wala si kweli kwamba maskini hapati hasara zaidi ya fedha. Bamba la chuma likifungwa bila kitenganishi juu ya aluminiamu, na mvua za masika zikaingia katikati, aluminiamu hulika na kugeuka unga mweupe. Pati nene ikifunika ukuta wa mbele uliooza, bawaba za mlango hushikilia kutu iliyopakwa rangi. Tajiri akidanganywa atanunua gari jingine. Mkulima akidanganywa amekwisha kuuza ng'ombe.

Na ule msemo kwamba mnunuzi na ajihadhari hautoshi katika Usukuma. Mkulima wa Misungwi hujihadhari vizuri katika mambo anayoyafahamu. Huuita luseni udongo wa kichanga ulio mteremkoni, na huuita mbuga udongo mweusi wa bondeni. Hapandi mpunga katika luseni eti kwa kuwa mwenye shamba ameiita mbuga. Huinama akachukua udongo mkononi. Lakini aliufahamu udongo huo toka utotoni, na alikuwa na majina yake. Bamba hakufundishwa, na majina aliyopewa ni mawili tu, yote ya kigeni, yote ya sokoni. Kumwambia ajihadhari bila ya kumpa maneno ya kujihadhari nayo ni kumpeleka mtu porini usiku na kumlaumu kwamba hakuona.

Wako watakaosema kwamba sheria ipo. Ni kweli, ipo: Sheria ya Alama za Bidhaa ni ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani imepewa kazi ya kupambana na bidhaa za kughushi. Sheria hiyo yaweza kulikamata sanduku lililochapwa nembo ya mtu mwingine, nayo inafanya vema. Lakini madigadi iliyokunjwa chini ya mwembe haina sanduku wala nembo. Uongo wake uko katika ulimi, na ulimi hauachi karatasi. Hapo ndipo sheria inapochoka na desturi inapopaswa kuanza kazi.

Desturi huanza na maneno. Kiswahili hakina upungufu katika jambo hili; wasemaji ndio waliokuwa wavivu. Lipo neno asili. Lipo neno nakala. Lipo neno ghushi. Hata neno bandia, ambalo leo limetiwa matope, lilikuwa safi: mtoto wa bandia ni mwana wa sesere, na hapana msichana aliyepata kudanganywa naye. Anamvika, anambembeleza, anamlaza, na anajua saa zote kwamba si mtu. Bandia ilikuwa ni mfano usiodanganya. Soko ndilo lililoitwaa na kuifanya jina la hila, likawaacha mafundi waaminifu bila ya jina la kujiita. Maneno matatu yakirudi mahali pake, mashtaka nusu yatakwisha: bamba la asili kwa shahidi, nakala kwa mtumishi, ghushi kwa mwongo.

Baada ya neno hufuata alama. Kila fundi wa bodi akunjaye bamba na alipige chapa ndani, mahali pasipoonekana ila na atafutaye: jina lake, mahali pake na mwaka. Si jambo geni. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 juu ya majengo na mabaki ya kale ulikwisha kuagiza kwamba kipande kinachojaza pengo kipatane na jengo zima, walakini kitambulike kuwa si cha asili, ili matengenezo yasighushi ushahidi wa historia. Waungwana wa mawe walilifahamu jambo hilo kabla ya waungwana wa motokaa, na linafaa madigadi kama linavyofaa nguzo ya msikiti. Tindo za herufi hazina gharama ya kumshinda fundi. Vyuo vya ufundi stadi vyaweza kuifanya chapa hiyo kuwa sehemu ya somo, na Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, lililoundwa mwaka 1973, laweza kuihesabu kazi yenye chapa kuwa kazi ya kiwanda kidogo, maana ndivyo ilivyo.

Mafundi wengine watalalamika kwamba chapa itawashushia bei. Kwamba bamba likijulikana ni la Misungwi halitauzwa kama la Solihull. Naam, halitauzwa kama la Solihull, wala halistahili. Lakini na wahesabu sawasawa. Leo fundi hulipwa ujira wa siku nne, na faida ya neno orijino huingia mfukoni mwa dalali. Chapa haitamnyang'anya fundi kitu alichokuwa nacho. Itamnyang'anya dalali kitu kisichokuwa chake. Kizuri chajiuza, lakini hakiwezi kujiuza kikiwa kimefungwa mdomo. Baada ya miaka kumi ya chapa, mtu wa Shinyanga ataingia Misungwi akiuliza kazi ya jina fulani, kama zamani watu walivyouliza jembe la Warongo, na siku hiyo fundi atapanga bei yake mwenyewe.

Wanachuo nao wana sehemu yao, wala haitoshi kusema kwamba gereji si darasa. Baraza la Kiswahili la Taifa lilianzishwa mwaka 1967, na kamusi nyingi zimetoka tangu hapo. Lakini mwanafunzi atakayetafuta humo lugha kamili ya fundi wa bodi, namna anavyoupambanua mkunjo wa kalibu na mkunjo wa nyundo, tundu la mkupuo na tundu la kekee, bamba la gari lile na bamba la ndugu yake, atarudi mikono mitupu. Lugha hiyo imo vinywani mwa wazee wachache, na kila azikwapo mmoja, sehemu ya kamusi huzikwa naye. Kuikusanya ni kazi yenye heshima ile ile ya kukusanya tenzi, na ina haraka kuliko tenzi, kwa sababu mashahidi wenyewe wanatoweka. Aluminiamu huyeyuka kwa moto wa nyuzi 660, moto ambao mkaa na mivukuto huufikia bila taabu. Na bamba kuukuu lisilotambuliwa na mtu, likitupwa katika chuma chakavu, njia yake ya karibu ni ile iendayo kwa wayeyushaji wa sufuria. Waliokuwa wakilisifu kwa neno orijino hawatalia, kwa kuwa hawakupata kulijua. Na fundi atakayeombwa kukunja jingine mahali pake hatakuwa na la kutazama.

Asili ikipotea, nakala haina pa kujifunzia. Nakala ikitukanwa, asili haina wa kuirithi. Ghushi peke yake hunufaika na misiba yote miwili. Kwa hiyo anayeipenda motokaa ya kale kwa kweli hana haki ya kumdharau mwenye nyundo, na mwenye nyundo hana haki ya kukubali jina ambalo nyundo yake haikulifanyia kazi. Wote wawili wana adui mmoja, naye hutembea kati yao kila siku ya mnada, mikono yake misafi, akigonga madigadi na kutaja mwaka ambao hakuuona.